Nyuma ya Uwanja wa Mafahali, Barka

Wapiganapo mafahali wawili, Barka hakuna nyasi za kuumia.
Huumia mifuko ya kanzu:
ufunguo, baisa ishirini na tano, leso,
na Ijumaa ile, pete ya dada yangu Rayya,
aliyopewa shemeji aipeleke Ruwi kwa sonara ipanuliwe,
naye akapitia kwanza kutazama ng'ombe.
Mwezi wa pili huu tunamwambia Rayya
sonara ana kazi nyingi.

Mashine nimeazima kwa Dilmurad,
Mbaluchi anayetafuta mifuniko ya mabomba iliyofukiwa na lami.
Alfajiri ya kwanza niliiwasha
ikapiga makelele, banda zima la kuku limeona nyoka.
Kizibo. Pingili ya mnyororo. Msumari wa hema.
Kizibo. Kizibo.
Kopo la halua lililolaliwa na gurudumu,
bado linanukia zafarani. Hapana,
zafarani niliitia mimi.

Nikafanya la mjinga: nikabonyeza kitufe cha kukataa.
Nikakataa chuma, nikakataa karatasi za mishkaki,
nikakataa vile vipete vya kufungulia soda.
Uwanja ukanyamaza.
Nusu saa nilitembea juu ya ukimya
nikijisifu.

Dilmurad akaja na chai ya karaki, vikombe viwili vya karatasi,
akausikiliza ule ukimya, akacheka hadi akamwaga.
"Umeifukuza na pete."
Maana dhahabu nyembamba na kipete cha kopo
masikioni mwa mashine ni mtu na nduguye:
hamsini na mbili, hamsini na nne, hamsini na mbili.
Ukimfungia huyu mlango, yule naye kalala nje.

Akaing'oa sahani kubwa, akafunga ndogo,
kiasi cha kisahani cha kahawa.
Akapunguza ukali: mwenye kusikia mbali mno
husikia watu kumi kwa mpigo.
Fagia polepole. Polepole zaidi.
Usiinue mkono mwishoni kama unafukuza nzi.
Mlio ukija, zunguka, uulize tena kwa ubavuni:
msumari hubadili kauli, hukatika, hukohoa;
kitu cha mviringo hurudia neno lilelile.
Mara nyingi. Si mara zote, alisema,
akaenda zake kazini.

Mambo ya kukataa nayajua kwa njia nyingine.
Nilipoanza shule hapa, mtoto wa Wete
mwenye Kiarabu cha kuazima,
nilikizima Kiswahili cha mama pale getini.
Akiniita "njoo ule" mbele ya wenzangu
ilikuwa bati tupu, sikuinama.
Simlaumu yule mtoto.
Ila mama hayupo, na sijui
nilipita juu ya nini.

Basi siku hizi sikatai kitu. Nachimba.
Hamsini na mbili: kipete.
Hamsini na mbili: kipete.
Hamsini na tatu, tamu, pande zote mbili,
moyo ukanipanda kooni: kipete kilichokunjwa.
Ndoo ya rangi imejaa. Nilihesabu hadi mia na arobaini
nikaona haya kuendelea.
Goti la kulia limeshaota sugu.
Mashimo nayafukia, wenye ng'ombe wasije kunilaani.

Leo, kina cha kiganja kimoja,
hamsini na moja isiyotikisika.
Nikapapasa mchanga kwa vidole. Pete.
Ya mtoto, nyembamba kama uzi, jiwe limetoka.
Si ya Rayya.
Nikaitia mfuko wa shati, wenye kifungo.

Simu ikalia. Rayya.
"Upo wapi asubuhi yote hii?"
Nikasema nipo Ruwi, kwa sonara, anamalizia.
Nyuma yangu wanaogesha fahali mweusi,
maji yamemwingia sikioni,
akaguna kwa sauti ya kifua kizima.
Rayya akanyamaza kidogo.
"Sonara gani huyo," akauliza,
"mwenye ng'ombe?"